Kampuni za kijeshi zinazopeleka walinzi nje: serikali ipi inazisimamia?

Ziwani Kirumba

Wakuu, salaam. Kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Mwanza, hasa ya vijana waliomaliza JKT na askari wastaafu. Kazi ni ulinzi nchini Iraki, mkataba wa miezi 12, dola 600 kwa mwezi, silaha unakabidhiwa kulekule. Anayelisambaza anajiita mratibu na hataji jina la kampuni mpaka ulipe shilingi 1,500,000 za "kufungua faili". Safari inaanzia stendi ya Nyegezi kwa basi hadi Mutukula mpakani mwa Uganda, halafu uwanja wa ndege wa Entebbe. Dar hamfiki.

Kama ni utapeli au siyo, hilo tutalijua tu. Ninachotaka ni kuuelewa mfumo wenyewe. Kampuni imesajiliwa nchi moja, inalipwa na serikali ya nchi ya pili, inafanya kazi nchi ya tatu, na mlinzi katoka Igoma au Buhongwa. Serikali ipi ina mamlaka ya kuikagua na kuichukulia hatua? Mlinzi akimuua raia anashtakiwa wapi? Akifa yeye, mjane analipwa na nani? Na mtu anahakikije mambo haya kwa simu yake kabla hajasaini? Naomba majibu yenye sheria na miaka.

Mkataba Kwanza

Mkuu, anza na Hati ya Montreux ya Septemba 2008, iliyoandaliwa na Uswisi pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Inazipanga serikali katika mafungu matatu: inayoikodi kampuni, inayomiliki ardhi ambako kazi inafanyika, na ile ambako kampuni ina makao. Kila fungu lina wajibu wake, na kuna desturi njema 73 zilizoorodheshwa. Hati yenyewe haifungi kisheria, inakumbusha sheria ambazo tayari zipo. Na angalia pengo lake: nchi anakotoka mlinzi, yaani sisi, haina fungu lake katika hizo desturi 73.

Ukitaka kujua nani ana meno, mfuate anayelipa. Serikali iliyoikodi kampuni ndiyo inayoweza kuzuia malipo, kudai orodha ya majina, kumwondoa meneja au kuvunja mkataba. Nchi yenye ardhi ina haki ya kutoa leseni na viza, ila ikiwa vitani mara nyingi haina wa kumtuma akakague. Nchi ya usajili inaweza kuifungia kampuni, nayo ikihamisha anwani kwenda kwingine kazi inaanza upya.

Chukua Marekani kwa kuwa kanuni zake ziko wazi kusomwa. Mlinzi wa mkataba wa Wizara ya Ulinzi anatakiwa kuingizwa kwenye mfumo wa kompyuta uitwao SPOT, ambao humtolea barua ya idhini yenye jina lake, kampuni yake na namba ya mkataba. Kubeba silaha kunahitaji kibali kingine cha mtu mmoja mmoja, na lazima kuwe na ushahidi kwamba amefunzwa silaha hiyohiyo atakayoibeba na ameelezwa kanuni za matumizi ya nguvu. Kanuni hizo zinamruhusu kujilinda na kulinda watu au mali iliyotajwa kwenye mkataba. Kushambulia hapana. Silaha ikifyatuliwa, mtu akijeruhiwa au mali ikiharibiwa, kampuni inapaswa kutoa taarifa.

Uozo huanzia ngazi ya pili. Mkandarasi mkuu anamwajiri mkandarasi mdogo, naye anamtumia wakala Kampala au Nairobi, wakala ana "waratibu" mitaani. Kila mmoja anakata chake, na kila hatua masharti yanazidi kupungua. Mfikirie afisa wa serikali anayekagua mkataba akifika kambini na fomu yake. Geti linatakiwa walinzi wanne kwa zamu, wapo wanne. Kila mmoja ana kadi ya silaha, ana vesti, ana karatasi ya shabaha. Anatia sahihi, ankara inalipwa. Kwenye fomu hakuna safu inayouliza mlinzi alilipa shilingi ngapi kabla ya kusafiri, nani kashika pasipoti yake, au baada ya zamu ya saa 12 analala wapi. Tume iliyoundwa na Bunge la Marekani kuchunguza mikataba ya vita ilikadiria katika ripoti yake ya Agosti 2011 kwamba kati ya dola bilioni 31 na bilioni 60 zilipotea kwa ubadhirifu na udanganyifu Iraki na Afghanistani. Miongoni mwa sababu ilizozitaja ni kwamba mikataba ilikuwa mingi kuliko maafisa wa serikali wenye uwezo wa kuisimamia.

Wakili wa Capri Point

Najibu la jinai.

Mlinzi akiua, mahakama ya kwanza kuifikiria ni ya nchi alikoulia. Ndiyo sheria ya kawaida duniani, isipokuwa pale kinga inapotolewa. Iraki mwaka 2004 utawala wa muda chini ya Marekani ulitoa Agizo namba 17, lililowakinga wakandarasi wa kigeni na mahakama za Iraki kwa matendo ya kazi yao. Kinga hiyo ilidumu mpaka makubaliano mapya ya nchi hizo mbili yalipoanza Januari 2009.

Katikati ya kipindi hicho ndipo lilipotokea la uwanja wa Nisour, Baghdad, tarehe 16 Septemba 2007. Walinzi wa Blackwater, kampuni binafsi ya ulinzi ya Marekani, waliokuwa na kazi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani waliwafyatulia risasi watu kwenye makutano ya barabara. Serikali ya Iraki ilihesabu waliokufa 17. FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, walihitimisha kwamba 14 kati yao waliuawa bila sababu yoyote ya halali. Mahakama ya Iraki haikuweza kuwagusa kwa sababu ya kinga. Ikabaki Marekani, chini ya sheria ya mwaka 2000 inayowafikia raia wanaofanya kazi na jeshi lake nje ya nchi. Sheria hiyo iliandikwa kwa ajili ya wakandarasi wa Wizara ya Ulinzi. Mwaka 2004 ikapanuliwa kuwafikia wa wizara nyingine, lakini pale tu kazi yao inaposaidia shughuli za Wizara ya Ulinzi. Kwa hiyo waendesha mashtaka walilazimika kwanza kuthibitisha kwamba kuwasindikiza wanadiplomasia ni kulisaidia jeshi.

Kilichokaribia kuiua kesi ni maelezo ya siku za mwanzo. Wachunguzi wa wizara waliwachukua walinzi maelezo kwa ahadi kwamba hayatatumika kuwashtaki, kisha maelezo hayo yakapenya kwenye ushahidi wa jinai. Jaji akaifuta kesi Desemba 2009. Mahakama ya rufaa iliirudisha 2011, watu wanne wakatiwa hatiani Oktoba 2014, na Desemba 2020 wote wanne wakapewa msamaha wa rais. Miaka kumi na tatu, mashahidi wakisafirishwa kutoka Iraki hadi Washington. Familia za Baghdad zilistahili zaidi ya hapo.

Linganisha na Afrika Kusini. Sheria yake ya mwaka 1998 kuhusu msaada wa kijeshi nje ya nchi inamtaka raia au kampuni kuomba kibali kwa kamati ya mawaziri inayosimamia silaha, na inakataza umamluki moja kwa moja. Ilitungwa baada ya Executive Outcomes, kampuni binafsi ya kijeshi ya huko, kupigana Angola na Sierra Leone. Nayo iliuma kweli: Januari 2005 Mark Thatcher, mtoto wa waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, alikiri kosa chini ya sheria hiyo kuhusu njama ya mapinduzi ya Guinea ya Ikweta, akapigwa faini ya randi milioni 3 na kifungo kilichoahirishwa.

Kuhusu neno mamluki, msilitumie ovyo. Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya Mikataba ya Geneva, ibara ya 47, ina masharti sita na lazima yote yatimie kwa pamoja: ameandikishwa mahsusi kupigana, anapigana kweli, msukumo wake ni faida na ameahidiwa malipo makubwa kupita askari wa cheo chake, si raia wala mkazi wa upande unaopigana, si askari wa jeshi la upande wowote, wala hakutumwa na nchi nyingine kama askari wake. Mlinzi wa geti hatimizi hayo. Lakini siku anapoambiwa apande gari aende kushambulia kijiji, na akaenda, anapoteza ulinzi wa raia kwa muda wote anaoshiriki. Akithibitika kuwa mamluki hana haki ya kuhesabiwa mfungwa wa vita, ingawa haki za msingi za kutoteswa na kupata kesi ya haki zinabaki. Afrika ina mkataba wake dhidi ya umamluki, uliopitishwa Libreville 1977 na kuanza kutumika 1985, nao unaufanya umamluki kuwa kosa la jinai.

Na kwetu: Januari 2023 serikali ilipothibitisha kifo cha kijana Mtanzania aliyekuwa mfungwa Urusi na kupelekwa Ukraine na Wagner, kundi binafsi la kijeshi la Urusi, Wizara ya Mambo ya Nje ilisema wazi kwamba sheria za Tanzania hazimruhusu raia kujiunga na jeshi la nchi nyingine. Vijana wa Mwanza walizingatie hilo kabla ya kuambiwa "ni ulinzi tu".

Ziwani Kirumba

Asante sana wakili. Suala la mjane na watoto bado. Na huku ziwani wengi wameoana kimila, hawana cheti.

Mama Neema Nyakato

Hapo pa cheti ndipo watu wanapoumia, mwanangu.

Kama juu kabisa ya mnyororo kuna mkataba wa serikali ya Marekani, sheria ya Defense Base Act ya mwaka 1941 inamlazimisha mwajiri kuwakatia bima wafanyakazi wake nje ya nchi, mkandarasi mdogo naye akiwemo. Haijali uraia. Mganda, Mkenya, Mtanzania wote wamo, isipokuwa kama Wizara ya Kazi ya Marekani imeridhia nchi fulani iachwe nje kwa kuwa ina fidia yake, na hilo uliulize kabla.

Aliyeumia hadi kushindwa kabisa kazi analipwa theluthi mbili ya wastani wa mshahara wake wa wiki, kwa kiwango chenye ukomo. Akifariki, mjane peke yake anapata nusu ya mshahara huo, mjane na mtoto au watoto theluthi mbili. Gharama za mazishi zinalipwa hadi dola 3,000. Kwa wasio raia wala wakazi wa Marekani sheria inaruhusu malipo ya baadaye yakatwe yawe mkupuo mmoja wa nusu ya thamani yake. Ukiletewa karatasi ya mkupuo, ujue unaambiwa uache nusu.

Muda ni mfupi. Jeraha linaripotiwa kwa mwajiri kwa maandishi ndani ya siku 30, na dai linafunguliwa ndani ya mwaka mmoja tangu jeraha, kifo au malipo ya mwisho. Fomu ya dai la mfanyakazi ni LS-203, ya kifo ni LS-262. Dai linapelekwa Wizara ya Kazi ya Marekani. Kumwachia wakala wa mtaani ni kulipoteza. Wakili haruhusiwi kuchukua ada kutoka kwenye fidia yako bila kibali cha wizara hiyo au mahakama, kwa hiyo anayekudai asilimia 30 mbichi mkononi ana kasoro.

Sasa warithi. Kwa walioko nchi za nje, sheria hiyo inawatambua mke na watoto. Wasipokuwepo hao, ni baba au mama ambaye marehemu alikuwa akimtunza, kikamilifu au kwa sehemu, katika mwaka mzima kabla ya kuumia. Kaka, dada, shangazi, babu hawamo. Kwa hiyo:

Ndoa ya kimila inatambuliwa na Sheria ya Ndoa ya 1971, lakini isiyosajiliwa itakutaka viapo, mashahidi wa mahari na barua za serikali ya mtaa, yote yatafsiriwe Kiingereza. Ni heri kuisajili mume akiwa hai. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vitolewe RITA, jina la baba lilingane herufi kwa herufi na pasipoti yake. "Masanja" kwenye pasipoti na "Massanja" kwenye cheti cha mtoto ni miezi ya kuandikiana barua. Ambaye hajaoa amtumie mzazi fedha kwa simu au benki kila mwezi na mzazi ahifadhi taarifa za miamala, maana za kukabidhiwa mkononi hazina ushahidi.

Mkataba usipokuwa wa Marekani, haya yote hayapo. Hapo unategemea kipengele cha bima kilichoandikwa kwenye mkataba wako tu, na jina la kampuni ya bima na namba ya hati viwemo. "Utakuwa na bima" bila namba ni maneno matupu.

Bismarck Rock

Nawaheshimu waliotangulia, ila mnazungumza kana kwamba usimamizi upo kila mahali. Angalieni hapo jirani. Mwisho wa 2022 serikali ya Kongo iliwaleta Goma wakandarasi wa Romania, kwa maelezo ya kufundisha jeshi. Waasi wa M23 walipouteka mji Januari 2025, karibu 300 kati yao walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa, wakasalimisha silaha, na tarehe 29 wakavushwa mpaka hadi Gisenyi kisha Kigali na kupandishwa ndege kwenda kwao. Serikali yao ilisema ni watu walioajiriwa binafsi na Kongo. Aliyewakodi ndiye huyohuyo aliyekuwa mwenye ardhi, yaani mkaguzi na mkaguliwa ni mmoja. Nchi ya makao imenyamaza mpaka kamera zimefika mpakani. Mafungu mawili ya Montreux yameingia mfuko mmoja na la tatu halikufanya kazi.

Urusi ni mbaya zaidi: ibara ya 359 ya kanuni zake za adhabu inakataza umamluki, na Wagner ilifanya kazi Afrika ya Kati tangu 2018, Cabo Delgado (Msumbiji) 2019, Mali tangu mwisho wa 2021. Kampuni ambayo kisheria haipo, utaikagua kwa karatasi gani? Familia ya aliyekufa itamshtaki nani?

Mfano ninaoukubali ni wa Uswisi. Sheria yao ilianza Septemba 2015. Kampuni yenye makao Uswisi inatangaza kazi yake ya nje kwa Wizara ya Mambo ya Nje kabla ya kuianza, na ndani ya siku 14 inaambiwa kama kuna uchunguzi. Ikiwa upo, kazi inasubiri. Kushiriki mapigano moja kwa moja ni marufuku kabisa, na kampuni mama inayoweka ofisi Uswisi na kufanyia shughuli kwingine imebanwa pia. Tanzania ingeweza kuiga sehemu ya kutangaza: wakala anayeandikisha Mtanzania kwa kazi ya silaha nje apeleke kwanza mkataba wa mnyororo mzima, halafu ndipo aandikishe.

Ni vizuri pia kusema kuhusu cheti cha ICoCA, chama cha Geneva kilichoanzishwa 2013 kusimamia Kanuni za Maadili za 2010 za kampuni binafsi za ulinzi. Watu wanakichukulia kama leseni ya serikali. Siyo. Kinasaidia kwa kuwa kinapokea malalamiko na kinaweza kuisimamisha kampuni uanachama, lakini hakimfungi mtu.

Mkataba Kwanza

Bismarck, kuhusu Goma nakubaliana nawe neno kwa neno. Kuhusu ICoCA ningeongeza kwamba Uswisi wenyewe wanaitaka kampuni ifuate kanuni hizo kwa lazima, kwa hiyo kufukuzwa chamani kunaweza kuikosesha kazi. Kwa mlinzi wa kawaida hiyo ni njia ya malalamiko isiyohitaji wakili.

Ziwani Kirumba, la kuhakiki kwa simu liko hivi. Mtake mratibu akupe vitu vitatu kabla ya senti moja: jina kamili la mwajiri atakayesaini, jina la mkandarasi mkuu, na namba ya mkataba. Namba za Wizara ya Ulinzi ya Marekani kwa kawaida zina herufi na tarakimu 13. Ingia USAspending, tovuti ya serikali ya Marekani inayoonyesha matumizi na mikataba yake, iandike vilevile. Utaona aliyepewa, wizara, kiasi na tarehe ya kuisha. Fungua sehemu ya wakandarasi wadogo uone kama jina la mwajiri wako lipo. Lisipokuwepo si ushahidi kamili wa uongo, kwa sababu taarifa za wadogo hupelekwa na mkandarasi mkuu mwenyewe na wapo wanaochelewa, lakini muulize mkandarasi mkuu kwa barua pepe. Mkataba ukiwa unaisha baada ya miezi miwili na wewe unaahidiwa 12, hiyo tofauti nani ataijaza? Kisha angalia orodha ya wanachama kwenye tovuti ya ICoCA.

Hapa nyumbani, wakala wa ajira binafsi anatakiwa awe amesajiliwa chini ya Sheria ya Kukuza Huduma za Ajira ya 1999 na kanuni zake za 2014. Ulizia Ofisi ya Kazi ya mkoa au TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira, kwa jina la kampuni, msiende na jina la mratibu. Ndiyo maana ile njia ya Mutukula inanitia shaka kuliko hata ada. Mfumo wa Uganda wa kuandikisha wafanyakazi waendao nje umejengwa kwa ajili ya Waganda, na kwetu hakuna faili lako. Likitokea jambo, ubalozi unaanza kukutafuta bila hata jina la mwajiri.

Ada yenyewe: kanuni za manunuzi za serikali ya Marekani kuhusu usafirishaji haramu wa binadamu zinamkataza mkandarasi na wakala wake kumtoza mfanyakazi ada ya kuandikishwa, kumshikia pasipoti, au kumdanganya kuhusu mshahara na mahali pa kazi, na zinamtaka amrudishe kwao kazi ikiisha. Kwa hiyo ile 1,500,000, kama mkataba ni wa Marekani kweli, ni ukiukaji tayari. Hifadhi ujumbe na risiti ya muamala. Kwa hapa kwetu, ipo Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008.

Ziwani Kirumba

Nimemtumia yale maswali matatu kwenye grupu, wote wanaona. Kuna mmoja kaniuliza: je, mkataba wa kazi tunaruhusiwa kuusoma nyumbani, au ni kule kule kama alivyosema?

Wakili wa Capri Point

Nyumbani. Kanuni hizohizo zinasema pale sheria au mkataba unapodai hati ya ajira ya maandishi, itolewe kwa lugha anayoielewa mfanyakazi, na kama kazi inamtaka ahame makazi, aipate angalau siku tano kabla ya kuondoka. Siku tano zinahesabiwa kabla ya kuhama kwake; kupewa karatasi Entebbe saa mbili kabla ya ndege hakutimizi. Wapige picha kila ukurasa na kumwachia mtu wa nyumbani nakala. Wakifika kule wakapewa mkataba wa pili wenye mshahara mdogo, ile picha ya kwanza ndiyo itakayoonyesha kwamba walidanganywa kuhusu malipo.